Mwenye Mamlaka Juu ya Vyote: Mhadhara wa Umma, Nanganga



Swali nililopewa ni la zamani, na wanafunzi wa sekondari hulifurahia kuliko walimu wao. Je, Mungu anaweza kuumba jabali zito kiasi kwamba Yeye mwenyewe ashindwe kulinyanyua? Ukijibu kwamba anaweza, basi kuna jabali linalomshinda. Ukijibu kwamba hawezi, basi kuna kazi inayomshinda. Muulizaji anakunja mikono na kusubiri. Kwetu sisi jabali hilo halihitaji kubuniwa: anayetoka hapa Nanganga kwenda magharibi, akishaipita Ndanda, atayaona mawe ya Masasi yameinuka ghafla juu ya tambarare, Mtandi na Mkomaindo, kila moja kwa upande wake, meusi baada ya mvua.

Nitasema mapema ninakoelekea, ili anayewahi gari la Ruangwa asiondoke mikono mitupu. Kitendawili cha jabali hakimgusi Mungu hata kidogo. Lakini jibu la haraka tunalolitoa kukizima, kwamba Mungu anaweza kufanya kila kinachowezekana, nalo halisimami. Kinachosimama ni wazo la mamlaka juu ya vyote, na hilo lina gharama zake.

Tuanze na jabali. Mwaka 1963 mwanafalsafa wa Marekani, George Mavrodes, alionyesha kwa kurasa chache tu kilichojificha humo. Tukishakubali kwamba tunayemzungumzia ananyanyua kila jiwe, basi "jiwe asiloweza kulinyanyua" ni sawa na kusema "jiwe lisilonyanyulika na anayenyanyua kila jiwe". Maneno yamepangwa vizuri kisarufi, yana kiima na kiarifu, lakini hayataji kazi yoyote. Mwaka uliofuata Harry Frankfurt akaongeza jambo ambalo mimi hulipenda zaidi: tuseme basi Mungu anayaweza hata yale yanayojipinga yenyewe. Vema. Ataliumba jabali asiloweza kulinyanyua, kisha atalinyanyua. Anayeweza jambo moja lisilowezekana, kwa nini ashindwe na la pili? Muulizaji hapati ushindi kwa upande wowote.

Wengine humu ukumbini mliyajua haya kabla hamjaota ndevu. Katika vyuo vya pwani yetu mtoto hukaririshwa sifa ishirini za Mwenyezi Mungu, na kabla ya sifa hizo hufundishwa kuyagawa mambo yote katika mafungu matatu: wajibu, yaani lisiloweza kukosekana, mustahili, lisiloweza kuwako, na jaizi, linaloweza kuwako au kutokuwako. Mgawanyo huo ndio msingi wa vitabu vya Muhammad bin Yusuf al-Sanusi wa Tlemcen, aliyefariki mwaka 1490. Fundisho lake ni kwamba uweza wa Mungu unahusika na jaizi peke yake. Mtoto mtundu akiuliza kama Mungu anaweza kujiumbia mwenzake, mwalimu mwenye haraka humnyamazisha kwa fimbo. Mwenye subira humwambia kwamba amechanganya mafungu. Mungu wa pili ni mustahili, na mustahili si kitu kilichowekwa kwenye rafu ya juu mno kikasubiri mkono mrefu zaidi. Kwa Wakristo, Thoma wa Akwino alikwisha kufika hapo katika karne ya 13: penye mkinzano, afadhali kusema jambo halifanyiki kuliko kusema Mungu hawezi kulifanya.

Wapo waliotaka kumpa Mungu zaidi. Ibn Hazm wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1064, hakukubali mantiki imwekee Mungu mpaka. Descartes, katika barua zake za mwaka 1630, alisema hata kweli za hesabu Mungu ameziweka kama mfalme anavyoweka sheria. Nauheshimu uchaji wao, lakini nadhani zawadi yao ni tupu. Ikiwa mikinzano inaweza kuwa kweli, basi "Mungu ni mwema" na "Mungu si mwema" zinaweza kuwa kweli saa ileile moja, na hapo muumini hana tena cha kuungama.

Mpaka wenyewe uko wapi? Uko mbali kuliko watu wanavyofikiri, na historia ya sehemu hizi inaonyesha umbali huo. Al-Ghazali, katika kitabu chake dhidi ya wanafalsafa alichokimaliza mwaka 1095, alichukua mfano wa pamba na moto. Tumezoea kuona pamba ikigusana na moto ikaungua, lakini hatuoni ulazima wowote kati ya mguso na kuungua. Tunaona desturi tu, na Mwenye kuweka desturi anaweza kuiacha. Kinachotoka nje ya uweza ni kukithibitisha kitu na kukikanusha kwa pamoja. Sasa mkumbuke maji ya mganga Kinjikitile wa Ngarambe, yaliyoaminiwa kwamba yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wengi wetu tumefundishwa kuyacheka. Kwa kipimo cha al-Ghazali hakuna cha kucheka: risasi kuwa maji ni jaizi kama vile pamba kutoungua. Hakuna mkinzano ndani yake. Lilikuwa ni jambo linalowezekana ambalo halikutokea.

Na lilivyosafiri! Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita vya Maji Maji vilifika huku kwetu baadaye mwezi huohuo, mwenye maji akiwa ameshakufa, na bado watu waliyaendea mapigano wakiyaamini. Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa karibu na Liwale. Misheni za Masasi, Lukuledi na Nyangao ziliteketezwa. Wabenediktini walihamia Ndanda mwaka uliofuata. Pande zote mbili zilikuwa zinaomba, na pande zote mbili zilifanya kosa moja la kufikiri, ambalo hata leo tunalifanya kwenye mikesha: kutoka "anaweza" tukarukia "atafanya". Mantiki hufungua mlango tu. Haimwambii mtu nani atapita.

Hapo ndipo ningeishia kama ningekuwa mvivu. Tungesema: Mwenyezi ni yule awezaye kila jambo lisilojipinga, tukapiga makofi, tukaenda kula. Lakini kipimo hicho kina tundu. Kuchoka hakujipingi, mimi nimechoka mara nyingi. Kusahau hakujipingi. Kusema uongo hakujipingi hata kidogo, na mwaka wa uchaguzi ni ushahidi. Kupanda Mtandi huku miguu imejaa vumbi ni jambo linalowezekana kabisa, vijana hulifanya. Basi Mungu anachoka, anasahau, anadanganya? Masheikhe watasema hasha, hizo ni mustahili kwake. Mapadri watasema hasha kwa mawili ya mwisho, kisha watakohoa kidogo kwenye vumbi na uchovu, maana kwa imani yao alitembea Galilaya. Hata hivyo tatizo linabaki. Orodha ya mambo yanayowezekana imejaa mambo ambayo mchungaji wa mbuzi anayaweza na Mungu hayawezi. Kila unapoirekebisha orodha, kwa kuongeza "ila yale yasiyolingana na utukufu wake", unamfafanua Mwenyezi kuwa ni yule awezaye yale ayawezayo. Kwa kipimo hicho hata konokono ni mwenyezi.

Kuna fungu jingine linalonisumbua zaidi, nalo ni wakati uliopita. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akashukia Lindi, akapanda nao bara, wakajenga Masasi chini ya mawe yale. Septemba 1882 Wangoni, waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara, wakaivamia Masasi, wakachoma nyumba, wakaondoka na mateka. Fikirini: watu waliokwisha kuokolewa mara moja, wakafundishwa kusali kwa Mungu Mwenyezi kwa lugha hii tunayoizungumza leo, wakafungwa tena na kuongozwa njiani. Je, Mungu anaweza leo kufanya Septemba ile isiwe imetokea? Petro Damiani katika karne ya 11 alimwandikia abati wa Monte Cassino barua ndefu juu ya swali la namna hiyo, akakaribia kusema anaweza. Thoma alikataa, nami namfuata Thoma. Maji yakimwagika hayazoleki, na methali hiyo naona inafika hata mbinguni. Kusamehe, kuponya, kufidia, kufufua: yote hayo yanaweza kufuata. Kufuta hakuwezi, kwa sababu jambo lililotokea ambalo halikutokea ni lile jiwe letu limevaa kanzu nyingine.

Mtu ataniuliza: basi mama wa Newala aliyesikia redioni kwamba basi la Dar es Salaam limepinduka, na mwanawe alisafiri usiku ule, anapopiga magoti na kuomba mtoto asiwe ndani ya basi hilo, anaomba upuuzi? Basi limekwisha kupinduka. Mtoto alikuwamo au hakuwamo. Walimu wa kale wa Kiyahudi waliiita sala ya namna hiyo sala ya bure. Michael Dummett wa Oxford, katika makala ya mwaka 1964, aliitetea, na utetezi wake naona una nguvu: mama haombi kilichotokea kifutwe. Hajui kilichotokea. Anaomba kiwe kimetokea kile anachokitaka, na kama Mungu aliijua sala hii kabla haijasemwa, hakuna mkinzano katika kuijibu jana usiku kwa ajili ya asubuhi ya leo. Tofauti ni nyembamba kama uzi, lakini ipo: akishapigiwa simu na kuambiwa, sala ileile inageuka kuwa ombi la kufuta.

Kwa hiyo uweza tuuelezeje, kama orodha ya vitendo haitusaidii? Mwanafalsafa Peter Geach, mwaka 1973, alipendekeza tuache kuuliza Mungu anaweza kufanya vitendo gani, tuulize kuna chochote kilicho nje ya mamlaka yake. Kuchoka si mamlaka juu ya kitu. Ni kitu kuwa na mamlaka juu yako. Kudanganya na kusahau vivyo hivyo. Kwa kipimo hiki mchungaji wa mbuzi hana kitu anachomzidi Mungu, na jabali halipo kwenye hesabu.

Najua kuna watakaosema mjadala huu wote ni wa wageni. Mshairi wa Uganda, Okot p'Bitek, alisema hivyo kwa ukali mwaka 1970: wasomi wa Kiafrika wameivisha miungu ya wazee wao majoho ya Kigiriki. Mlengwa wake mmoja alikuwa mwanateolojia wa Kenya, John Mbiti, ambaye mwaka huohuo alichapisha kitabu kilichokusanya mawazo juu ya Mungu kutoka karibu makabila 300, na uweza wa yote ukawa miongoni mwa sifa alizozipata. Okot ana hoja. Tazameni simulizi ya asili ya Wamakonde iliyoandikwa na mtafiti wa Kijerumani Karl Weule, aliyezunguka Masasi na Newala mwaka 1906. Mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, usiku ikawa mwanamke. Wakakaa karibu na mto Ruvuma, mtoto akazaliwa mfu. Wakahamia bonde la Mbemkuru, mtoto wa pili akazaliwa mfu. Walipopanda juu Mahuta, wa tatu akaishi. Simulizi hiyo haiulizi nani anaweza nini. Mti unakuwa mtu bila maelezo, lakini bonde ni bonde, na wanaoishi bondeni wanazika. Uweza umekutana na masharti ya mahali, na msimulizi haoni kasoro.

Ninapoachana na Okot ni hapa: wazo likishapokewa, watu wakaomba kwalo na kuzikwa kwalo kwa vizazi vitano, ni letu, na maswali yake ni yetu. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, alilichukulia hivyo kwa vitendo. Badala ya kuwaachia wengine jando, aliliingiza ndani ya Kanisa, sala ikaenda porini pamoja na wavulana. Wapo waliochukizwa, wa ndani na wa nje. Lakini kiteolojia alikuwa amesema jambo lilelile la Geach, miaka mingi mapema: kama mamlaka ni juu ya vyote, basi hata kichaka cha jando hakiko nje.

Imebaki gharama. Mwanafalsafa J. L. Mackie aliandika mwaka 1955 kwamba Mwenyezi aliye mwema hawezi kuwako pamoja na uovu, na jibu lililozoeleka kwa Wakristo wa leo, lililopangwa vizuri na Alvin Plantinga mwaka 1974, ni uhuru: hata Mwenyezi hawezi kumlazimisha mtu atende kwa hiari, kwa kuwa hilo nalo linajipinga. Wangoni wa 1882 walikuwa huru. Jibu hilo linamwokoa Mungu wa Thoma. Silioni likimwokoa Mungu wa al-Ghazali, kwa maana kwa Maashari, wanateolojia wa shule yake, hata tendo la mwanadamu limeumbwa na Mungu, mwanadamu amelichuma tu. Aliyempa Mungu nafasi pana zaidi katika pamba na moto ndiye aliyebaki na sababu chache zaidi za kumwambia yule mateka. Mimi niko upande wa uhuru. Masheikhe wameshaanza kutikisa vichwa, na Mwenyekiti ametupa saa nzima ya majadiliano. Nawaachia wao waanze.