Tamburi Iliyokwama

Leo tunaongea juu ya kupatanisha ndugu, na tunaanzia garajini.

Toyota Corolla ya miaka ya 80: tamburi ya freni ya nyuma inakataa kutoka. Kijana anakamata nyundo kubwa, anapasua ukingo, nayo bado imeshika. Mekanisiani mzee anauliza kwanza: freni ya mkono mmeiachilia? (Mawe chini ya magurudumu ya mbele, bila shaka.) Anatia mafuta pale katikati penye kutu, anangoja. Kisha anaingiza buloni mbili katika matundu ya tamburi, anazikaza kwa zamu, kidogo kidogo. Tamburi inasogea, halafu inakwama tena.

Hapo wengi wanarudia nyundo. Yeye anajua vile vipande vya ndani vimechimba tamburi miaka mingi, vinanasa kwenye ukingo uliobaki. Anapitisha turnevisi mbili katika tundu la nyuma: moja inasukuma kidole kinachozuia, nyingine inazungusha kigurudumu chenye meno mpaka vipande vinalegea. Tamburi inatoka kwa mikono.

Katika makanisa yetu kuna jamaa zisizosalimiana sababu ya mpaka wa parsele. Tukitumwa kwao, tusianze kwa kuwavuta washikane mikono mbele ya watu. Tumuulize kila mmoja, peke yake, ni nini kinabana ndani: labda matanga ambayo wengine hawakufika, labda neno lililosemwa mbele ya watoto. Tusome Waebrania 12 kabla ya kwenda. Wakikubali kukaa pamoja tu siku ya kwanza, inatosha. Turudi tena Alhamisi.