Funguo za Gari Mkononi mwa Kijana: Nasaha kwa Vijana na Wazazi



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha Ramadhan nyengine. Mada yangu ni ya barabarani. Huenda mwengine akauliza, mwezi wa ibada gari linaingiaje hapa? Linaingia, manake roho ni amana, na mwezi huu vijana wetu wako barabarani saa ambazo miezi mingine wamelala. Wakitoka tarawehe wazunguke mji mpaka daku. Jioni wakimbilie futari. Kisha ije Idd, gari la baba liombwe, na matembezi yaanze.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba watu kama milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani. Na kwa walio kati ya miaka 5 na 29, ajali hizo ndizo zinazoua kuliko maradhi yoyote. Kuliko malaria, kuliko ukimwi. Basi tusiseme ni bahati mbaya tu tukanyamaza.

Tuanze na sheria. Hapa Kenya haruhusiwi mtu kuendesha gari kabla hajatimiza miaka 18. Akitimiza, huchukua leseni ya muda ya kujifunzia, akafundishwa, akafanyiwa mtihani. Sheria hiyo hiyo inamkataza mwenye gari kumpa gari mtu asiye na leseni. Kwa hivyo baba anayemwambia kijana wa miaka 15, "Nenda kaniletee gari kwa fundi," wote wawili wamekosa. Na likitokea la kutokea, bima yaweza kukataa kulipia gari hilo.

Lakini leseni si ujuzi. Leseni ni ruhusa ya kuanza kujifunza. Miezi ya mwanzo ya kuendesha peke yako ndiyo ya hatari zaidi, na si kwa sababu kijana ni mjinga. Mikono imeshajua usukani na gia, lakini macho bado. Dereva mpya hutazama karibu, mbele ya boneti tu. Aliyezoea hutazama mbali: anaona matatu imesimama na anajua mtu atatokea mbele yake. Anaona mpira umeingia barabarani na anajua mtoto yuko nyuma yake. Jicho hilo halinunuliwi. Hupatikana kwa kuendesha saa nyingi, na mtu mzima mwenye leseni yuko ubavuni.

Sasa spidi. Hebu tupige hesabu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila sekunde moja linakwenda mita 14. Likienda 80, ni mita 22. Likienda 100, ni mita 28. Hiyo sekunde ni ile unayoshtuka, kabla mguu haujafika kwenye breki! Na ukizidisha spidi mara mbili, masafa ya kusimama baada ya kushika breki huzidi mara nne. Ndipo sheria yetu ikaweka kilomita 50 kwa saa kuwa kikomo mijini. Anayetoka Nyali saa kumi na mbili kasorobo jioni, mdomo mkavu, adhana karibu, apunguze spidi. Tende moja na maji ya chupa viwe ndani ya gari. Ukiadhiniwa njiani, weka gari pembeni ufuturu. Mama anakungojea wewe, hangojei gari.

La pili ni simu. Ukiitazama sekunde mbili tu ukiwa kwenye 80, umekwenda mita 44 kama kipofu. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano kama mara nne zaidi wa kupata ajali. Simu iwekwe mbali na mkono, kengele imezimwa. Huyo anayepiga atapigiwa ukifika.

La tatu ni marafiki. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba dereva wa miaka 16 na 17 akibeba vijana wenzake, hatari ya kufa huzidi, na kila wakiongezeka nayo huongezeka. Sababu mnaijua. Mmoja anasema, "Ovateki huyo!" Mwengine anafungulia muziki. Wa nyuma anacheka. New Zealand ilikuwa ya kwanza, mwaka 1987, kumpa dereva mpya leseni kwa hatua, kwanza bila kubeba wenzake na bila kuendesha usiku wa manane akiwa peke yake. Sisi hatuna haja ya kungoja bunge kwa hilo. Nyumba yaweza kuwa na sheria yake.

La nne ni usingizi. Kijana wetu atasema, "Mimi silewi." Sawa, lakini usingizi nao unalewesha. Watafiti wa Australia mwaka 1997 waligundua kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mtu mwenye pombe ndani ya damu yake. Aliyeamka kula daku, akashinda kazini au skuli, akasali tarawehe, hesabu saa zake. Huyo akalale. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi.

La tano ni mkanda, na helmeti kwa wa pikipiki. Mkanda hupunguza kwa karibu nusu hatari ya kufa kwa waliokaa mbele. Waliokaa nyuma pia wajifunge, kwani asiyejifunga humrukia aliye mbele. Tulimwona marehemu waziri John Michuki mwaka 2004 akiitaka kila matatu iwe na mikanda, tukanung'unika, kisha tukajifunga. Sasa tusijifunge kwa kumwogopa polisi tu. Na siku ya Idd msipande watatu juu ya pikipiki moja, vichwa wazi, kanzu zikipepea karibu na gurudumu.

Wazazi, nanyi mna sehemu yenu. Mtoto hujifunza udereva miaka kumi kabla ya kushika usukani, akiwa amekaa nyuma anakutazama. Ukiongea na simu, kakuona. Ukipita kwenye taa nyekundu, kakuona.

Ombi langu ni moja. Kabla ya Idd, kaeni nyumbani baada ya futari, mzazi na kijana, mwagane: saa ya kurudi, idadi ya abiria, simu mbali, mkanda kwa kila mtu. Na mzazi aahidi hivi: mwanangu akinipigia saa sita za usiku aniambie amechoka, au dereva wao anakwenda mbio, nitamfuata bila kumgombeza. Maneno ya kumgombeza yangoje asubuhi. La muhimu ni awepo asubuhi kuyasikia.

Mwenyezi Mungu atulindie vijana wetu, waende salama na warudi salama. Wabillahi tawfiq.