Mkeka wa Chuo ni wa Wote

KHUTBA YA KWANZA

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema ya uhai, neema ya Uislamu na neema ya elimu. Tunamwomba amteremshie rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake na masahaba wake wote.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mlio hapa msikitini na mlio majumbani mnaotusikiliza kwa njia ya redio, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na katika kumcha Mwenyezi Mungu ni kuogopa kumnyima mja wake haki aliyompa. Haki tutakayoizungumza leo ni haki ya kufundishwa.

Ndugu zangu, mnaijua sura ya Abasa. Watoto wetu huihifadhi wangali wadogo, katika juzuu ya Amma. Sababu ya kushuka kwake ni kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa Makka akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akitumaini kuwa wakisilimu wao watasilimu wengi nyuma yao. Mara akaja kipofu mmoja, Abdullahi bin Ummi Maktum, akataka kufundishwa. Mtume akakunja uso, kwa kuwa shughuli aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa. Wahyi ukateremka kumzindua kwamba yule aliyekuja mwenyewe kutafuta uwongofu ndiye anayestahiki kuelekewa, ijapokuwa hana mali wala jaha. Baada ya hapo Mtume akawa akimkirimu sana kipofu huyo. Alimfanya mwadhini, na mara nyingine akimwachia Madina aiangalie wakati yeye yuko safarini.

Basi angalieni. Ikiwa Mtume wetu, aliye bora wa viumbe, amezinduliwa kwa mkunjo wa uso ambao kipofu hakuuona, tutasema nini sisi ambao huwafukuza watoto wa maskini kwa maneno makali wanayoyasikia na kuyafahamu?

Katika pwani yetu hii ameishi mtu aliyeifahamu vyema sura hiyo, akaitumia umri wake mzima. Naye ni Sayyid Swaleh bin Alawi Jamalullayl, anayejulikana na wote kwa jina la Habib Swaleh. Alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19, katika ukoo wa masharifu ambao asili yake ni Hadhramaut. Alifika Lamu angali kijana, akasoma kwa jamaa zake na kwa mashekhe wa mji, kisha akafanya makao yake huko.

Lamu ya siku hizo ilikuwa mji wa elimu, lakini ilikuwa pia mji wa daraja. Palikuwa na waungwana katika majumba ya mawe, na palikuwa na watumwa, wazalia na watu waliokuja kutoka bara na visiwani kutafuta riziki. Utumwa katika pwani ya Kenya haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1907. Elimu ya juu ya dini ilikuwa kama mali ya urithi: hutoka kwa baba ikenda kwa mwana, ndani ya nyumba zile zile. Mtumwa aliweza kufundishwa kiasi cha kuswali. Ama kukaa mbele ya shekhe akafunguliwa vitabu, hilo wengi waliliona kuwa ni kuuvunja mji.

Habib Swaleh angeweza kukaa na wakubwa. Alikuwa sharifu, alikuwa mwanachuoni, na milango ya majumba ilikuwa wazi kwake. Lakini yeye akawaelekea wanyonge. Aliwafundisha wachukuzi, wakulima na watumwa, akawatibu wagonjwa wao, akakaa nao katika furaha zao na misiba yao. Baadhi ya wakubwa wa mji hawakuridhika. Walimlaumu kwa hao aliowafundisha, wakamlaumu pia kwa kusoma maulidi kwa matari. Katika jambo hili la matari wanazuoni wamekhitalifiana tangu zamani mpaka leo, wala sikupanda mimbari leo kuamua khitilafu hiyo. Nataka tuangalie lile ambalo hapana mwanachuoni anayelipinga, nalo ni kwamba alimfungulia mlango wa elimu kila aliyebisha.

Akahamia upande wa Langoni, nje ya mji wa mawe, penye vibanda vya udongo na makuti. Hapo akaanza na kibanda kama vile vya majirani zake. Karibu na mwaka 1900 ukasimama msikiti wa Riyadha, na pembeni yake darasa na makazi ya wanafunzi waliotoka mbali. Jina hilo ni jina la msikiti wa Seyun, kule Hadhramaut, wa Habib Ali bin Muhammad Al-Hibshi, ambaye Habib Swaleh alishikamana naye sana. Lakini waliojaa ndani ya Riyadha ya Lamu walikuwa ni watu wa hapa petu. Walikuja vijana kutoka visiwa vya jirani, kutoka kandokando ya mto Tana, na kutoka katika makabila ambayo wenye mji hawakudhani kuwa mwanachuoni atatoka kwao. Waliposoma wakarudi makwao, wakafungua vyuo vijijini, na vyuo hivyo vikazaa vyuo vingine.

Habib Swaleh alifariki katikati ya miaka ya 1930, na wanawe wakaendelea na kazi. Mpaka leo, kila Mfungo Sita, watu humiminika Lamu kutoka pande nyingi. Nasi tusimkumbuke kwa ziara tu na kusahau alilolihangaikia. Kwa takriban nusu karne alifanya kazi moja: kukaa chini na kumfundisha mtu asiyekuwa na mtu.

Ndugu zangu, sasa nitasema jambo linalonihusu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu kijana katika chuo kimoja cha shamba, tulikuwa na mkeka mmoja tu. Watoto wa waliochangia chuo walikaa juu ya mkeka, na waliobaki walikaa chini, karibu na mlango. Mimi niliyaona hayo wala sikuyabadilisha, kwa kuwa wazee wa wale waliokaa mkekani ndio walionilipa. Alikuwapo mtoto wa mkwezi wa minazi, mwenye kuhifadhi upesi kuliko wenzake wote. Siku moja hakuja, wala siku ya pili. Nami sikumwulizia. Baada ya wiki nzima nikamkuta shambani, akimkusanyia baba yake nazi. Nikamwambia, "Mwanangu, mbona huonekani chuoni?" Akainamisha kichwa, akanijibu, "Mwalimu, mimi hukaa penye viatu. Wakija wenyewe huniambia niondoke."

Nilikwenda kwa baba yake nikamtaka radhi. Yule mzee alinipokea kwa adabu, akanipa dafu, akaniambia hapana neno. Mtoto akarudi, lakini hakukaa ila siku chache, maana moyo ulikuwa umekwisha kuvunjika. Miaka mingi imepita. Nimefundisha mamia ya wanafunzi baada yake, na wapo walio makadhi na maimamu. Lakini nikikumbuka siku ya hesabu, simkumbuki hata mmoja katika hao. Namkumbuka yule mmoja aliyekaa penye viatu.

Nasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu anighufirie mimi na nyinyi. Mwombeni maghufira, kwani yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, na tunamswalia Mtume wake. Ama baad.

Enyi Waislamu, huenda mtu akasema, "Habib Swaleh alikuwa walii, sisi ni watu wa kawaida, tutaweza nini?" Jibu ni kuwa chuo hakijengwi na mtu mmoja. Mwalimu huweka umri wake, na watu wa mtaa huweka kila mmoja alicho nacho. Mtume (S.A.W.) baada ya vita vya Badri, katika mwaka wa pili wa Hijra, aliwakubalia baadhi ya mateka waliojua kuandika wajikomboe kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Mji ule ulikuwa na haja ya fedha, lakini aliona haja ya kalamu ni kubwa zaidi.

Basi nakuusieni mambo matatu. La kwanza, mtazameni mwalimu wa chuo chenu. Fundi wa mlango hamumwachi aondoke bila ujira wake. Mbona mwalimu wa mwanao ana miezi hajapata kitu, na yeye anaona haya kukudai? La pili, msiwatoe watoto wa kike katika masomo wakati ndugu zao wanaendelea. Kutafuta elimu ni faradhi ya kila Mwislamu, na binti yako ni Mwislamu. La tatu, msingoje tajiri wa mbali aje kukujengeeni. Anzeni na kibanda cha makuti. Mkeka ukiwa mdogo, ongezeni mwingine. Na mpaka upatikane huo wa pili, bora wote wakae chini kuliko mmoja kukaa penye viatu.

Mtume ametufundisha kuwa mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa njia tatu, na elimu yenye manufaa ni mojawapo. Kila herufi anayoisoma mtoto wa maskini kwa sababu yako itakufuata kaburini.

Ewe Mola wetu, warehemu walimu wetu waliotutangulia. Wape subira na riziki walimu wetu walio hai. Wafungulie watoto wetu wote milango ya elimu yenye manufaa, wala usitujaalie sisi kuwa ndio wenye kuifunga. Tusamehe tuliyoyazembea, na utuwezeshe kuyatengeneza kabla ya kufikwa na ajali zetu. Wasamehe Waislamu wote wanaume na wanawake, walio hai na waliokufa. Amin.