Siku za Binti, Simu ya Mama



Kwa nini binti wa kidato cha pili apakue programu ya kuhesabu siku za hedhi? Jibu la haraka ni kwamba rafiki yake anayo. Ni kweli, ila rafiki humwonyesha tu. Kinachomfanya aendelee kuijaza ni hofu. Mtazameni msichana aliyejifunga sweta kiunoni saa sita mchana, jua la Mombasa likiwaka. Hedhi imemkuta darasani, naye anangoja wenzake watoke ndipo anyanyuke kwenye dawati. Huyu akiambiwa kuna simu itakayomtahadharisha siku mbili kabla, hahitaji tangazo.

Hesabu yenyewe si ngeni kwetu. Binti wa Kiislamu akishavunja ungo hujua mapema kwamba siku za Ramadhani alizokula kwa sababu ya hedhi ni deni la kulipa, na wapo wanaoziandika nyuma ya daftari. Somo, yaani kungwi, pale alipokuwapo, alimfundisha mwari kuzijua siku zake na kuzisitiri. Leo somo ni nadra, mama anaona haya, na mwalimu wa baiolojia huchora mfuko wa uzazi ubaoni, kengele ikilia akaufuta. "Mbona mwezi huu sijaona siku zangu?" Swali hilo halina wa kuulizwa. Simu haimcheki, wala haimhoji alikuwa na nani.

Lakini programu nyingi huanzia kwenye mzunguko wa siku 28. Msichana aliye katika miaka ya mwanzo ya hedhi anaweza kupata mzunguko wa siku 21, au hata 45, na akawa mzima kabisa. Utabiri ukikosea, usiku mzima anawaza mimba au maradhi. Isitoshe, simu ni ya mama. Kikumbusho kinaweza kutokea kwenye kioo kaka akiwa ameishika anatazama mpira. UNICEF ililizingatia hilo ilipobuni programu ya Oky pamoja na wasichana wa Indonesia na Mongolia, ikazinduliwa mwaka 2020: hufanya kazi bila intaneti, na wanaochangia simu moja kila mmoja ana neno lake la siri. Huo ndio ubunifu ninaouheshimu.

Upande wa biashara mambo ni mengine. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilifikia suluhu na kampuni ya programu ya hedhi ya Flo, baada ya kudai kwamba kampuni hiyo iliwapa Facebook, Google na wengineo taarifa za afya ilizoahidi kuzitunza. Kampuni haikukiri kosa. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla taarifa za mtoto hazijachakatwa. Sheria nzuri, ila binti anayemficha mama hataomba idhini; atajaza kwamba ana miaka 18, aendelee.

Kwa hiyo wazazi, kaeni na binti zenu, fungueni mipangilio ya programu pamoja, zimeni vikumbusho vinavyojitokeza kwenye kioo, na waambieni kwamba tarehe ikipita siku chache si msiba. Nanyi walimu wakuu, wekeni pedi mahali ambapo msichana atajichukulia bila kumwomba mtu ruhusa.