Miezi 36 Inayopangwa Kabla ya Kuvua Magwanda



Wengi wetu tuliingia jeshi la Marekani tukiwa wageni: huyu kwa bahati nasibu ya kadi ya kijani, yule kupitia MAVNI, mpango ulioanza 2009 kuwatafuta watu wenye lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwamo. Siku ya kuandikishwa tuliambiwa tutasomeshwa. Hatukuambiwa kwamba sehemu kubwa ya haki hiyo hupangwa mtu akiwa bado kazini, na kwamba kuna mlango mmoja ambao ukishavua magwanda haufunguki tena.

Nianze na mlango huo, maana ulinifungia mimi. Ukishatumikia miaka 6 na kukubali kuongeza 4, unaweza kumpa mwenzi wako au watoto miezi yako ya masomo ya GI Bill, sheria ya kuwasomesha wanajeshi. Nilipofanya hivyo mwanangu mkubwa alikuwa nami hapa. Mdogo alikuwa kwa bibi yake Machakos akisubiri viza, na jina lake sikuwa nimelipeleka DEERS, kwenye daftari la familia za wanajeshi. Nikamwandikia mkubwa miezi yote, nikijiambia nitagawanya baadaye. Nilifungua tena ukurasa wa kugawa miezi nikiwa raia. Jina lilikuwa moja, na mbele yake 36. Mwanajeshi aliyetoka anaruhusiwa kupunguza na kuongeza miezi kati ya majina aliyokwisha kuyapa chochote, lakini haruhusiwi kuongeza jina jipya. Mwezi mmoja tu ningemwandikia yule mdogo, leo ningeweza kumwongezea.

Kwa hiyo mama au baba mwenye mtoto nyumbani Kenya, Tanzania au Kongo, tafuta cheti chake cha kuzaliwa sasa umwandikishe DEERS. Usingoje viza.

Kuhusu haki yenyewe: GI Bill ya sasa, ile ya baada ya 9/11, ilianza kutumika Agosti 1, 2009. Aliyetumikia miezi 36 kazini na kuachishwa kwa heshima hupata miezi 36 ya masomo kwa asilimia 100. Katika chuo cha umma hulipiwa ada yote ya mkazi wa jimbo, vitabu hadi dola 1,000 kwa mwaka, na posho ya makazi. Aliyetoka tangu Januari 1, 2013 hana tarehe ya mwisho ya kuitumia.

Sheria ya kwanza ya GI Bill ilisainiwa na Rais Roosevelt Juni 22, 1944, na kufikia 1956 karibu wanajeshi milioni 8 walikuwa wamesoma au kujifunza ufundi kwa fedha zake. Mwaka huohuo wa 1944 babu zetu wa Keya, jeshi la mkoloni Mwingereza, walikuwa Burma, wakisonga mbele kwenye matope ya bonde la Kabaw. Walirudi na kiinua mgongo kidogo, na huko Kenya mpango wa kuwagawia wanajeshi ardhi baada ya vita ulikuwa wa Wazungu. Kila nikimsaidia kijana wetu kujaza fomu hizi huwakumbuka wazee wale, na huniuma mno kuona mtu akiichezea haki ambayo wao hawakupewa.

Nayo inachezewa. Askari mmoja niliyemsaidia alimaliza miezi 14 katika chuo kilichokuwa kikimpigia simu kila jioni mpaka akajisajili. Alipotaka kuhamia chuo kikuu cha jimbo, hakuna krediti hata moja iliyopokewa. Kabla ya kutia saini, kipigie simu chuo unachokusudia kuhamia uwaulize wao.

Ukiwa bado kazini, soma kwa Tuition Assistance: hadi dola 250 kwa krediti, 4,500 kwa mwaka, na haigusi hata siku moja ya miezi yako 36. Shahada inaweza kufika katikati kabla hujatoka.

Posho ya makazi ndiyo inayotikisa nyumba nyingi. Hupimwa kwa eneo la chuo, wala si unapoishi. Ukisoma mtandaoni pekee unapata nusu ya wastani wa taifa; ongeza darasa moja la kuhudhuria ana kwa ana, unapata kiwango cha chuo chenu. Tena hulipwa mwezi ukishapita, na siku za likizo kati ya mihula hazilipwi. Kwa hiyo Januari pesa huingia pungufu, na mwenye nyumba anataka kodi yake kamili. Wekeni akiba tangu Septemba.

Kompyuta yangu iko meza ya karibu na mlango. Mwenye kadi ya jeshi na majina ya watoto wake aje tufungue pamoja milConnect, tovuti ya kugawia miezi, tuhakikishe kila mtoto aliyemo DEERS ana walau mwezi mmoja. Asiyekuwamo, tutaorodhesha karatasi zinazokosekana.