Rupia Tatu na Daftari la Karani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, na kupigwa chapa kwa idhini ya Kamati)



Kamati imetutaka tuseme jioni hii juu ya mali, amri na nguvu, na jinsi mambo hayo yanavyoigeuza njia ya mtu. Jambo hili ni pana mno. Kama tungalilichukua kwa upana wake tungalikesha hapa, nasi twajua ya kuwa wengine wenu mmetoka mbali na kesho ni siku ya kazi. Kwa hiyo tumelifupisha, tukalitia katika kitu kidogo kiwezacho kukaa mfukoni, nacho ni rupia tatu.

Rupia tatu ndiyo kodi ya nyumba ya mtu wa shamba iliyoanza kutozwa na Wadachi katika nchi hii mwaka 1898. Tumtazame mtu mmoja wa Umatumbi, katika vilima vya nyuma ya Kilwa, asiye na jina katika habari hii, maana watu kama yeye walikuwa wengi. Mtu huyo alikuwa na mtama wake, kuku wake, na jamaa zake. Utajiri wake ulipimwa kwa ghala na kwa watu wa kumsaidia kulima. Siku ilipotangazwa kodi hakunyang'anywa kitu. Nyumba ilisimama pale pale, na shamba lilikuwa lake vile vile. Lakini tangu siku ile alitakiwa kutoa kitu ambacho shamba lake halikukizaa. Hapo kwanza watu waliruhusiwa kulipa kwa mazao au kwa kazi, walakini serikali ilitaka fedha, na kila mwaka ilizidi kuzitaka.

Fedha zilipatikana wapi? Mtu yule angeweza kuingia mwituni kugema mpira. Angeweza kumwuzia mfanya biashara wa pwani nafaka yake, kwa bei aitakayo mfanya biashara. Angeweza kuchukua mizigo ya safari, au kwenda kuwa kibarua katika mashamba ya Wazungu. Kila mlango katika hiyo ulikuwa na bwana wake aliyekaa kizingitini. Alikuwa na ruhusa ya kuchagua mlango. Ruhusa ya kubaki nyumbani hakuwa nayo. Twaomba mlikumbuke jambo hili, kwa sababu vitabu vya zamani vya watawala husema ya kuwa Mwafrika alitoka kwao akaenda kutafuta kazi, kana kwamba aliamka siku moja akaona hamu ya kazi.

(Tuseme kidogo pembeni. Mwaka 1904 Wadachi waliigawanya rupia katika heller 100, badala ya pesa 64 za zamani. Sarafu ile imekwisha zamani, lakini jina lake tunalo vinywani mpaka leo, kila tusemapo kuwa hatuna hela. Neno shule nalo limetoka kwao. Na wazee wetu walikuwa na neno la tatu, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, ambalo asili yake ni Kiarabu, lakini maana yake ilifundishwa bomani.)

Ilipofika mwaka 1902, Gavana von Götzen alianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya ya Dar es Salaam, kisha yakaenezwa kusini. Kila jumbe alipewa shamba, na watu wake wakaamriwa kulima humo kwa zamu. Fedha za pamba ziligawanywa baina ya wafanya kazi, jumbe, na chama cha wilaya kilichoiuza. Iliyowafikia wafanya kazi ilikuwa haba hata wengine walikataa kuipokea. Nao walikuwa wameacha mashamba yao wenyewe wakati wa kupanda na wakati wa kulinda. Nguruwe na nyani hawangoji mtu amalize zamu ya serikali. Aliyechelewa alipigwa, na aliyekataa alifungwa. Mwaka 1907 waziri wao wa makoloni, Bernhard Dernburg, alipotembelea nchi hii, yeye mwenyewe aliona aibu kwa jinsi viboko vilivyozagaa mikononi mwa Wazungu wenzake. Kama mgeni wa majuma machache aliyaona, mwenyeji aliona mangapi?

Sasa twafika mahali panapotuhusu sisi. Maofisa wa Kidachi walikuwa wachache sana kwa nchi kubwa kama hii. Hawakuweza kuijua nyumba ya mtu wetu wala jina lake. Aliyeijua ni jumbe. Aliyemsimamia jumbe ni akida, na mara nyingi akida alikuwa mtu wa pwani, mwenye kusoma na kuandika, mwenye mshahara, na mgeni katika nchi aliyopewa. Na pale bomani alikaa karani, Mwafrika kama sisi, mwenye daftari. Kiboko peke yake ni kipofu. Hakijui kimpige nani. Daftari ndilo lililokionyesha.

Twapenda sana kuwahukumu watu hawa upesi, na pengine katika chumba hiki wamo wajukuu wao. Tumtazame jumbe. Alipata sehemu ya fedha za pamba, na sehemu ya kodi aliyoikusanya. Hiyo ndiyo faida yake. Lakini kodi ikipungua au shamba likiota majani, yeye mwenyewe alilazwa chini akapigwa mbele ya watu aliowazidi kwa heshima jana yake. Basi kila asubuhi alipewa achague mgongo wa jirani au mgongo wake. Wako waliochagua wao, na wako walioufurahia ule uwezo, wakajaza ghala zao kwa jasho la watu. Hatusemi wote walikuwa sawa. Twasema tu ya kuwa chaguo lenyewe halikutengenezwa na jumbe.

Mwishoni mwa Julai, 1905, watu wa Nandete katika Umatumbi waliing'oa pamba. Hawakuanza kwa kuua mtu; walianza kwa kung'oa miche, na kila mtu alifahamu maana yake. Kabla ya hapo habari za maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe zilikuwa zimekwisha kuenea, ya kuwa yatageuza risasi kuwa maji. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, 1905, vita vikiwa vingali vichanga. Vikaenea Ungindo, Upogoro, Umbunga, Ungoni, na kwingineko. Tarehe 30 Agosti maelfu walilishambulia boma la Mahenge, wakakatwa na bunduki za bombomu kama nyasi.

Watu wengi huuliza, Je, waliamini kweli habari za maji? Swali hili latusumbua, maana huulizwa kwa kucheka. Sisi twaona ya kuwa mtu aliyekwisha kuhesabu njia zake zote, akakuta kila moja yaishia kwenye kiboko, hana hasara kubwa katika kuliamini neno moja la kumpa moyo. Tena watu wa mbali na mbali, wasioaminiana zamani, walihitaji kiapo kimoja cha kuwaunganisha. Maji yalikuwa kiapo hicho.

Wala si wote walioinuka. Wahehe, ambao mwaka 1891 waliliangusha jeshi la Wadachi pale Lugalo, hawakujiunga na vita hivi. Wengine walipigana upande wa Wadachi. Baada ya Lugalo walikuwa wamepigwa miaka mingi mpaka Mkwawa alipokufa mwaka 1898, nao walijua gharama yake. Wangoni hawakuwa wamepita katika moto wa namna ile. Mtu asiyeyajua haya atamwita huyu mwoga na yule shujaa, na atakuwa amekosa kwa wote wawili.

Tarehe 27 Februari, 1906, wakuu wengi wa Kingoni walinyongwa Songea, na siku hiyo hukumbukwa kila mwaka. Kichwa cha Nduna Songea Mbano, kama wazao wake wanavyoshuhudia, kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba, 1923 haikuletwa radhi yo yote, wala 1963. Ilikuwa tarehe 1 Novemba, 2023 ndipo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliposimama Songea akaomba msamaha.

Lakini walionyongwa na waliopigwa risasi walikuwa wachache kuliko waliokufa kwa njaa. Maofisa walikata shauri kwamba njaa itamaliza kazi ambayo risasi haikuimaliza, wakachoma vijiji na ghala, wakateketeza mazao shambani. Serikali ya Kidachi yenyewe ilihesabu waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hata 300,000. Aliyebaki hai alikuwa na watoto na hakuwa na mbegu. Mtu huyo alipoonekana akienda bomani kuandikwa kazi, karani hakuandika katika daftari ya kuwa ni njaa iliyomwandikisha. Hapakuwa na safu ya jambo hilo.

Baada ya vita, Gavana von Rechenberg aliyaondoa mashamba yale ya pamoja. Hatuna budi kumpa haki yake kwa hilo. Walakini katika mwaka 1907 watu wa Usambara waliletewa kadi: kila mwanamume alitakiwa kumtumikia Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, na asiyetimiza aliweza kupelekwa katika kazi za serikali. Kisha, zamani za Waingereza, mashamba ya mkonge yalijaa vipande. Siku ilihesabiwa pale tu kazi iliyopimwa ilipokwisha, na mtu alilipwa kipande chenye siku 30 kilipojaa. Aliyekitia alama ni msimamizi au karani. Alama moja ya kalamu, ambayo haichukui hata nukta ya saa, ilikuwa siku nzima ya mtu mwingine. Hatujui kitu kingine chenye kuonyesha vizuri hivi uwezo mdogo ulivyo mkubwa kwa aliye chini yake.

Tumesema sana habari za waliolimishwa. Na karani mwenyewe, mwenye shati na mshahara, njia yake ilikuwaje? Tutazame mwaka mmoja, 1922, na watu wawili.

Nairobi alikuwako Harry Thuku, aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina. Mwaka 1921 kodi ilikuwa imefika shilingi 16, na waajiri wakapatana kupunguza mishahara ya vibarua kwa theluthi. Thuku aliunda chama, akasema hadharani juu ya kodi, kipande na kazi za kulazimishwa za wanawake, akatoka katika kazi ya serikali. Tarehe 14 Machi, 1922, alikamatwa. Siku mbili baadaye watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi wakitaka afunguliwe; wanawake, na Mary Muthoni Nyanjiru mbele yao, waliwakemea wanaume kwa kusita. Bunduki zikalia. Serikali ilihesabu maiti 21, na wengine walisema ni zaidi. Thuku alipelekwa Kismayu, akakaa mbali na kwao miaka mingi. Baadaye kodi ilishushwa ikawa shilingi 12.

Tanga, mwaka ule ule, Martin Kayamba na makarani wenzake waliunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Hawakwenda barabarani. Walikuwa na chumba cha kukutania, magazeti ya kusoma, mchezo wa mpira, na barua za adabu kwa wakubwa juu ya mishahara na heshima ya kazi. Wakristo na Waislamu walikaa pamoja, watu wa makabila mbali mbali, na jambo hilo halikuwa dogo. Kayamba alikuwa amefungwa na Wadachi wakati wa vita kuu, naye aliujua ukuta wa gereza kwa kuugusa. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Katika watu waliopita katika chama kile, na katika African Association iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, ndimo yalimotoka mazoea ya kukutana, kuandika kumbukumbu na kuchagua viongozi, ambayo TANU iliyakuta tayari mwaka 1954.

Wako wanaosema Thuku alifanya vema na Kayamba alijipendekeza. Wako wasemao kinyume. Katika Kamati yetu tumelijadili jambo hili mara mbili wala hatukupatana, nasi hatuoni haya kuwaambia hivyo. Twaona tu kwamba mshahara ule uliompa karani muda wa kusoma na kufikiri ndio ule ule uliomfunga ulimi. Na kwamba kodi ya Kenya ilishuka baada ya damu, wala si baada ya barua. Na kwamba vyama visivyoweka kumbukumbu vilikufa na viongozi wao.

Mwisho, tuna ombi. Mwaka 1968 wanafunzi wa Dar es Salaam walikwenda kusini wakaandika maneno ya wazee walioviona vita vya Maji Maji, na kama wasingalikwenda, tungalibaki na daftari za boma tu. Wazee wale wamekwisha. Lakini makaratasi yapo. Mwanachama ye yote mwenye cheti cha kodi cha babu yake, au kipande cha mkonge, au barua ya kuachishwa kazi, tafadhali amletee Katibu ili kipigwe nakala, na chenyewe kitarudishwa siku ile ile. Kama nyuma yake pameandikwa kitu kwa mkono, tafadhali pasifutwe. Kuna mwenzetu ameleta cheti kimoja tayari, kipo hapa mezani. Mwaweza kukitazama wakati wa chai, ila mikono iwe mikavu.