MVUA ZA VULI, MAVUNO YETU, NA LIKIZO YA MFANYAKAZI

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya mvua za vuli. Huenda wengine watauliza: Chama cha wafanyakazi kina shauri gani na mvua? Je, kazi yetu si mshahara, saa za kazi na nyumba? Ni kweli. Lakini mshahara wa mfanyakazi huishia wapi? Huishia dukani, kwenye pakiti ya unga. Unga hutoka katika mahindi, na mahindi hutoka katika mvua. Tena wengi wetu tuna shamba nyumbani, ambalo mke, mama au ndugu hulilima nasi tuko huku kazini. Kwa hiyo mvua ikiharibika, mshahara wetu umekatwa, ijapokuwa karani hakuandika neno lo lote katika karatasi ya mishahara.

Vuli ni mvua za Oktoba, Novemba na Desemba. Katika nchi za Ulaya miezi hiyo majani hupukutika, baridi yaja, na mazao mengi yamekwisha kuingia ghalani. Kwetu sivyo. Jua wakati huo linaelekea kusini, na ukanda wa mawingu ya mvua hulifuata na kupita juu ya nchi yetu. Linaporudi kaskazini, kutoka Machi hadi Mei, tunapata masika. Hivyo tuna mvua mara mbili, na vuli ndiyo iliyo fupi.

Lakini ufupi wake usitudanganye. Vuli hubadilika mwaka hata mwaka kuliko masika, na sababu kubwa iko katika Bahari ya Hindi. Maji ya bahari yakipata joto zaidi upande wetu, na yakipoa upande wa Indonesia, mawingu hujengeka huku nasi twapata mvua nyingi, pengine gharika. Mambo yakigeuka, joto likawa upande wa Indonesia, twapata ukame. Tena iko El Niño, yaani joto la Bahari ya Pasifiki, ambayo mara nyingi huizidishia vuli yetu nguvu. Haya si mambo ya mganga. Wataalamu huyapima, na Idara ya Hali ya Hewa hutangaza utabiri wa vuli mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Siku hizi dalili yaja mapema kuliko mawingu, na asiyeisikiliza hana wa kumlaumu.

Sasa tuifuate reli ya zamani, tuone vuli inafanya kazi gani kila mahali.

Pwani, masika ndiyo mvua kubwa, na vuli ni nyongeza tu. Lakini ukipanda kutoka Voi, ukapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu mpaka Konza, mambo yanageuka. Huku Ukambani vuli ndiyo tegemeo kuliko masika. Mkulima hupanda mahindi, kunde, ndengu, mtama na mbaazi katika Oktoba, na mara nyingi huziweka mbegu katika udongo mkavu kabla tone la kwanza halijaanguka. Si ujinga huo, ni hesabu. Mvua yenyewe haikai, na mwishoni mwa Desemba mara nyingi imekatika. Aliyengoja mvua ndipo aanze kulima amekwisha kupoteza siku ambazo mahindi yake yatazililia Januari. Ndengu huvunwa Januari, na mahindi Februari au Machi.

Endelea sasa. Pita Nairobi, Naivasha na Nakuru, ukafike Eldoret, kisha Kitale, ambako reli ilifika mwaka wa 1926. Huko mahindi hupandwa Machi na Aprili, nayo hukaa shambani miezi 6 hata 8. Yanakauka lini? Oktoba, Novemba na Desemba! Wakati ule ule ambao mtu wa Makueni anatazama juu akiomba mvua, mtu wa Trans Nzoia anatazama juu akiomba jua. Mahindi yake yamekatwa, mabua yamesimamishwa marundo marundo shambani, na mvua ikinyesha juma zima, maji huingia ndani ya gunzi, punje zaota na kuvu yashika.

Ndugu zangu, shikeni neno hili, maana ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Mvua ni moja, lakini kalenda ni mbili. Katika gengi moja la njia mnaweza kumkuta mtu wa Kibwezi na mtu wa Kitale wakifanya kazi bega kwa bega. Tone lile lile linamfurahisha mmoja na kumtia mwenziwe hasara.

Tutazame miaka iliyopita. Mwaka wa 1899, reli ilipofika Nairobi, Ukambani ilikuwa katika njaa kubwa ambayo wazee waliiita Ngomanisye. Mwaka wa 1961, baada ya ukame mkali, vuli ilishuka kama gharika. Chakula kikapelekwa kwa ndege, na Wakamba wakauita wakati ule njaa ya ndege. Ziwa Victoria nalo lilipanda, na kufika mwaka wa 1964 lilikuwa limeongezeka zaidi ya mita 2. Mwaka wa 1997 ikaja El Niño, ikabomoa barabara na madaraja, ikaendelea mpaka mwanzo wa 1998. Mwaka wa 2019 Bahari ya Hindi ilipata joto sana upande wetu. Mwezi wa Novemba maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 40 huko Pokot Magharibi, na jirani zao wa Trans Nzoia wakawa wanavuna katika matope.

Kisha ukaja upande wa pili. Vuli ya 2020, ya 2021 na ya 2022, zote tatu zilishindwa, na masika yaliyokuwa katikati yakashindwa vilevile. Misimu mitano mfululizo! Watu zaidi ya milioni 4 katika Kenya walihitaji msaada wa chakula, na mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Katika mwaka ule wa 2022 pakiti ya unga ya kilo 2 ilipita shilingi 200. Ilikuwako pia bei ya mbolea na vita vya Ukraine, lakini mvua ilikuwa sababu mojawapo kubwa. Na vuli ya 2023 ikarudi na mafuriko. Basi nani kati yetu atasema mvua si shauri la Chama?

Tufike sasa kwenye jambo la uhai wenyewe. Mwaka wa 2004, kati ya Januari na Julai, watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. Hawakufa kwa njaa. Walikufa kwa kula mahindi yao wenyewe. Mvua isiyo ya wakati wake ilinyesha Februari wakati wa mavuno. Watu walikuwa wametoka katika ukame, na kwa kuogopa wezi wakayaweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba wanamolala. Kuvu ikaota, ikatoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Ukipika githeri kutwa nzima, sumu imo. Ukisaga unga, sumu imo. Wala usifikiri utaiona kwa macho, kwa maana hata punje zinazoonekana safi zaweza kuwa nayo.

Dawa yake ni kukausha upesi na kuweka pakavu. Mahindi yanapovunwa huwa na maji asilimia 20, pengine zaidi. Yafaa yashuke mpaka asilimia 13.5 ndipo yawekwe ghalani. Tusiyaanike juu ya udongo mtupu. Tuyaanike juu ya turubai, na mawingu yakija tuyafunike.

Mtu asiye na chombo cha kupimia aweza kutumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu yenye kifuniko. Tia chumvi kavu kidogo, kisha tia mahindi mpaka nusu chupa. Tikisa vizuri, ungoje robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana maji. Ikianguka chini yote, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Hata hivyo yaanike siku moja au mbili zaidi. Jambo hili mtoto wa darasa la 4 aweza kulifanya, nanyi mwandikieni mama nyumbani, au mpigieni simu leo hii.

Na tujifunze hesabu, maana mfanyakazi asiyejua hesabu huliwa mara mbili, kazini na sokoni. Gunia la kilo 90 lenye maji asilimia 20 lina kilo 18 za maji na kilo 72 za nafaka kavu. Likikaushwa mpaka asilimia 13.5, hubaki kilo 83 hivi. Basi kilichopotea ni kilo 7 tu. Dalali akija na gari lake mvua inanyesha, akasema, "Mahindi haya ni mabichi, nitakata kilo 15," jueni kwamba kilo 7 ni za maji na kilo 8 ni za mfuko wake. Yeye ajua kwamba mkulima ana hofu ya mvua na ana karo ya kulipa Januari. Hofu ndiyo mizani yake. Tena mwezi wa Juni mahindi yale yale huturudia sisi mjini kwa bei ya juu. Tuliyauza rahisi tukiwa wakulima, na twayanunua ghali tukiwa wafanyakazi.

Tufanye nini? Tunaleta mashauri matatu mbele ya mkutano.

La kwanza ni likizo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kila baada ya miezi 12, nayo yaweza kugawanywa kwa maafikiano. Twataka orodha ya likizo ijadiliwe Septemba, mara utabiri wa vuli ukitangazwa. Mtu wa Ukambani apewe siku zake mwanzoni mwa Oktoba, apande, na nyingine Februari, avune. Mtu wa Kitale na Eldoret apewe Novemba. Mwajiri atasema kwamba vuli ndiyo wakati tuta hubomoka na maji hukata njia, kwa hiyo ataka watu wote kazini. Neno hilo lina haki yake, na hakuna mtu wa reli asiyelijua. Lakini kwa sababu kalenda ni mbili, watu hawatatoka wote pamoja. Huyu akitoka mwenziwe yupo, na yule akitoka huyu amerudi. Hatuombi siku hata moja zaidi ya zile tulizo nazo. Twaomba zije wakati zinapoleta chakula, zisije Julai wakati mtu anakwenda nyumbani kukaa chini ya mti tu.

La pili ni kukausha kwa pamoja. Wanachama wanaotoka kata moja wachange wanunue turubai kubwa, wazitumie kwa zamu. Wale walio karibu na maghala ya Halmashauri ya Nafaka waulizie mashine za kukaushia. Mashine zipo katika maghala kadhaa, na mwaka wa 2023 serikali iliagiza nyingine za kuhamishwa kutoka mahali hadi mahali. Mtu mmoja na magunia yake 5 husumbuka njiani. Watu 20 na magunia 100 hukodi lori na kusikilizwa.

La tatu ni kununuliana. Wanachama wa Kitale wana mahindi Desemba, na wanachama wa Mombasa na Nairobi wanataka unga mwaka mzima. Kwa nini dalali asimame katikati yetu? Gunia moja ni gorogoro 45 hivi. Tawi likusanye akiba kidogo kidogo kutoka Agosti, maana haba na haba hujaza kibaba. Desemba tununue kwa wenzetu mahindi yaliyopimwa na kukauka, kwa bei iliyo haki kwa wote wawili. Tuyaweke katika mifuko isiyopitisha hewa, ambamo fukusi na dumuzi hufa. Lakini yasiyokauka tusiyanunue hata yawe ya ndugu, kwa sababu ya wale 125 wa mwaka 2004.

Ndugu Mwenyekiti, hakuna Chama kinachoweza kuiamuru mvua. Itanyesha sana mwaka mmoja, na mwaka mwingine itatunyima. Lakini tarehe ya likizo haikuandikwa mbinguni, imeandikwa ofisini. Turubai hainunuliwi na malaika, na mizani ya dalali si ya Mungu. Haya matatu yamo katika uwezo wa watu waliokubaliana. Twaomba mkutano uyajadili leo, na kama yakikubaliwa, Katibu ayaandike, yaende mbele ya mwajiri kabla orodha ya likizo haijabandikwa ukutani.

Umoja ni nguvu.